Mtoto wangu wa miaka 4 akikasirika anajibwaga chini, nifanyeje?

Mama Pacha: Wapendwa, jana nimemwambia Kulwa avae viatu. Akavirusha, akajibwaga sakafuni akalia hadi sauti ikamkauka. Nikamfokea, akazidi. Usiku namwangalia amelala, mashavuni bado kuna michirizi ya machozi, roho ikaniuma. Nisaidieni.

Bibi Wawili: Pole mwanangu. Hasira zikishampanda hasikii la mtu, maana uwezo wa kujizuia bado unakua kichwani mwake. Wewe chuchumaa macho yenu yakutane, ondoa vya kurushwa, shusha sauti: "Umekasirika. Nipo hapa." Basi. Kufundisha kusubiri atulie. Na kurusha viatu bado hakuruhusiwi, mwambie baadaye, aviokote mwenyewe.

Baba Neema: Wangu anapuliza vidole vitano kama mishumaa, kimoja kimoja, polepole. Tulifanya mazoezi akiwa na furaha, siyo katikati ya kilio. Angalia pia njaa na usingizi.

Mama Pacha: Shikamoo Bibi, asanteni sana. Kweli jana hakulala mchana! Leo tumejaribu vidole. Kafika cha tatu, kanikumbatia.