Siti za ngozi zenye feni ama siti za kawaida, kwa joto la Mombasa mwasemaje?

KisauniKwetu
Asalaam aleikum wadau. N'na gari mbili nimezitia macho yadi, zote za 2019, tofauti ya bei ni kama laki moja hivi. Ya kwanza ni X-Trail, siti zake ni zile zisizopitisha maji, watoto watoka baharini na nguo zimerowa wakaa tu, ukifika nyumbani wapangusa. Ya pili siti ni za ngozi zenye vitundu, ndani mna feni, zasogea kwa umeme, zina memori ya watu wawili na hita pia. Mke wangu aitaka hio ya pili, mie moyo wasita manake kila siku navuka Nyali Bridge juani kwenda Shimanzi na sitaki kulipia kitu nisichokitumia. Hizo feni zasaidia kweli?

Bi_Tudor
Zasaidia sana kaka, mie n'nazo mwaka wa tatu sasa. Ila feni haipozi kitu yenyewe, yachukua hewa iliomo garini ikaipitisha kwenye vitundu basi. Gari ikishinda juani mwezi wa pili, nje nyuzi 32, ndani ni tanuri, ukiwasha feni saa hio wapigwa na upepo wa moto mgongoni. Mie hushusha vioo kwanza nikaenda kidogo, nafunga, AC ikishika ndo nawasha ya siti. Nafika Mtwapa buibui kavu, zamani kila nikishuka ilikuwa ni kujibandua.

FundiChangamwe
Skizeni niwaambie manake siti hizi nazifungua kila wiki. Mtu hununua gari yenye feni, kesho yake aenda kushonesha kava nene juu, vitundu vyote vimezibwa, halafu aja kwangu asema feni imekufa. Lakini hilo si kubwa, kubwa ni eabegi, ule mfuko wa hewa unaofura gari ikigonga. Gari nyingi za sasa zina eabegi ya ubavuni ndani ya siti yenyewe, upande wa mlango, tazama utaona kibandiko kimeandikwa SRS AIRBAG. Ukiishonea kava pande zote, siku ya ajali yaweza kuzuilika ama kuchelewa, na mgonjwa ni wewe. Kama lazima uweke kava basi iwe imeachwa wazi hapo ubavuni. Nasema hili kila siku na watu huliona ni jambo dogo, wallahi naumia roho.
Halafu chini ya siti mna soketi za manjano, hizo ni za eabegi. Mwosha gari akivuta zulia kwa nguvu zalegea, taa yawaka kwenye dashibodi. Usichomoe ukiwa umewasha swichi, zima gari, toa waya wa negativu wa betri, ngoja muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari ndo uguse.

MamaKongowea
Fundi na mie nisaidie. Nikitoka sokoni nikaweka kiroba cha unga na nazi siti ya mbele gari yalia mpaka nafika nyumbani.

FundiChangamwe
Mama hio ni sensa ya uzito, yadhani ameketi mtu hajafunga mkanda. Shusha mzigo chini ama utie buti, zaidi ya hapo gari yako nzima.

Likoni_Mzee
Memori ni raha kwa nyumba yenye madereva wawili, mke wangu ni mfupi, abonyeza 2 siti yaenda mbele, mie 1 yarudi. Lakini betri yangu ilikufa nikiwa kwenye foleni ya feri, tulipoweka nyengine memori zote zimefutika na skrini ya redio yataka namba ya siri kwa Kijapani, siku mbili sina redio. Kumbe gari yenye kuzima injini yenyewe ukisimama yataka betri yake maalum, mie nilikuwa nimetiliwa ya kawaida. Na radio ya Japani yaanzia 76 yaishia 90 ama 95, stesheni zetu ni 88 mpaka 108, kwa hivo ulizia kama washabadilisha.

Bamburi_K
Hita sahau. Saab, kampuni ya magari ya Uswidi, ndo walioifanya ya kawaida kwa siti ya dereva, 1971, kwao mna theluji. Ni hao hao 1997 walitia feni kwenye gari yao ya 9-5, na hio ndo yatufaa sisi. Hakikisha tu mtoto asiibonyeze swichi ya hita bila kujua, mie niliendesha mpaka Kilifi nikidhani n'na homa.

KisauniKwetu
Shukran sana. Basi naenda na mke kuijaribu ile ya ngozi, nitawasha feni niweke karatasi ya tishu juu ya vitundu nione kama yapeperuka ama yanyonywa, siti zote mbili za mbele. Na kava siweki. Fundi, Jumamosi asubuhi wapatikana twende pamoja yadi?

FundiChangamwe
Napatikana, njoo kabla ya saa tatu jua halijawa kali. Halafu alasiri turudi tena tuiwashe ikiwa imeshinda juani, hapo ndo utaijua.