Tupeane uzoefu: tamasha likija mjini kwenu, hela inaingia mfuko wa nani?

Mleta mada: Wakuu salaam. Kila mwaka tunaambiwa matamasha yanakuza utalii wa utamaduni, sibishi, ila nataka kusikia kwa nyie mlio eneo la tukio, mama ntilie, wenye gesti, wapiga ngoma. Naanza mimi wa Bagamoyo. Pale TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, wengine bado tunaita Chuo cha Sanaa, tamasha lipo toka 1982 na watu wanajaa kweli, shida Dar iko pua na mdomo, mtu anakuja mchana usiku karudi kwake, gesti inabaki tupu. Kinachoniokoa ni wale wanaoona ngoma jioni kesho yake wananitafuta niwafundishe kupiga, maana ngoma huijui kwa saa moja, mikono inavimba siku ya kwanza, ya pili ndo mdundo unaanza kukaa, kwa hiyo atalala tu apende asipende.

Muuza urojo, Forodhani: Sie Unguja tamasha la muziki la Sauti za Busara ndo Februari yetu. Ngome Kongwe panapopigwa shoo na Forodhani ni kuvuka barabara tu, shoo ikisha usiku mkubwa watu wanatoka na njaa na sie tupo. Mgeni siku ya kwanza anaulizia kila kilichomo bakulini, mara bajia hizi za nini, mara huu ukwaju au embe, siku ya tatu anakuja mwenyewe anasema nitilie pilipili. 2016 halikufanyika, pesa za kuliendesha zilikosekana, basi mwaka ule ndo tulijua nani anatulisha. Ila kuna hoteli moja ilituita tuwapikie wageni wao wa tamasha, mpaka leo hela yetu hatujaiona.

Mamu wa Lamu: Kwetu hakuna uwanja, mji wote ndio uwanja. Mbio za punda, mashindano ya mashua, bao, mama zetu na hina, mgeni akitoka mlangoni tayari yuko ndani ya tamasha, na vichochoro havipiti gari kwa hivyo lazima atembee, akitembea atanunua. Lakini tusidanganyane, balozi zilipotoa zile ilani za usafiri, kuwaonya raia wao wasije, punda walikimbia vilevile na vyumba vilikaa vitupu, tamasha pekee halitoshi.

Msukuma og: Njooni Bulabo, tamasha la ngoma letu Wasukuma, Bujora pale Kisesa, nje kidogo ya Mwanza. Wagika na Wagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, wanacheza kwa wakati mmoja na anayevuta watu wengi ndo mshindi, hakuna jaji wa mezani, ndo maana utaona mtu anacheza na chatu shingoni, anakutafuta wewe uhame upande ule. Mzungu akishajua kwamba miguu yake ndo kura haondoki, anakimbia huku na huku na kamera hadi jioni. Na makumbusho yako hapohapo.

Mwenye gesti, Mwanza: Mkuu hapo juu, wageni wananiuliza tarehe miezi kabla nashindwa kuwajibu, matangazo yanatoka wiki mbili kabla, nani atakata tiketi ya ndege kwa wiki mbili?

Msukuma og: Bulabo inafuata sikukuu ya Ekaristi, ndo maana inahamahama. Chukua kalenda, tafuta Pasaka, hesabu siku 60, wape hiyo wiki.