Mjadala: Je, ni sahihi kung'oa vipuri vya destroya moja ili nyingine isafiri?

Swali ninaloliweka mbele yenu ni hili: manowari aina ya destroya inapokwama kwa kukosa kipuri, je, ni sahihi kukichukua kutoka manowari nyingine iliyotia nanga? Msimamo wangu ni kwamba jambo hilo livumiliwe wakati wa vita tu, na wakati wa amani lihesabiwe kuwa upungufu wa bajeti, hata kama mafundi walioifanya kazi hiyo wanastahili sifa.

Uingereza inatupa ushahidi ulio wazi. Mwaka 2017 Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya nchi hiyo ilieleza kwamba jeshi la majini lilihamisha vipuri kwa njia hii mara 795 katika mwaka wa fedha wa 2016-17, yaani wastani wa mara 66 kwa mwezi, ilhali mwaka 2005 wastani ulikuwa mara 30. Wakaguzi hao walibaini pia kwamba pauni zisizopungua milioni 92 zilikuwa zimepunguzwa kwenye bajeti za kuvihudumia vyombo vya majini.

Wapo wanaosema kwamba meli iliyo kwenye matengenezo haihitaji pampu yake leo, kwa hiyo si busara kuiacha ikae bure. Hoja hiyo ina uzito, lakini tuitazame kazi yenyewe. Fundi hufungua pampu iliyo nzima, huifunga na kuijaribu kwenye meli ya pili, kisha pampu mpya ikifika miezi kadhaa baadaye huifunga na kuijaribu kwenye meli ya kwanza. Kila inapofunguliwa, gasketi huhitaji kubadilishwa, na viunganishi vya nyaya huzidi kulegea. Saa hizo za kazi hulipiwa, ingawa hazionekani katika bei ya kipuri.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni meli zilizojengwa chache. Destroya za Arleigh Burke za Marekani zina tabini (injini za gesi zinazosukuma meli) nne za LM2500 kila moja, mtambo unaotumiwa na majeshi mengi ya majini, hivyo viwanda vina sababu ya kuendelea kutengeneza vipuri vyake. Lakini tabini ya WR-21 imefungwa kwenye destroya sita tu za Type 45 za Uingereza. Nayo Marekani, iliyokusudia kujenga destroya 32 za aina ya Zumwalt, iliishia kujenga 3. Kwa kundi dogo kiasi hicho, meli moja ikigeuzwa ghala, sehemu kubwa ya kikosi imeondoka baharini.

Napendekeza kila kipuri kinachong'olewa kiripotiwe bungeni pamoja na tarehe kilipoagizwa kipya, na meli mpya isiidhinishwe kabla fedha za vipuri vyake vya miaka ya mwanzo hazijatengwa. Anayepinga atueleze ni nani, kwa utaratibu wa sasa, anayewajibika pale destroya inapobaki gatini kwa sababu vipuri vyake viko kwenye meli nyingine.