Vidonge viwili vya kalsiamu alfajiri kabla ya kula, ni sawa?

Binti Tabata
Wakuu, habari. Mama ana miaka 55, hedhi ilikoma miaka mitatu iliyopita. Anameza vidonge viwili vya kalsiamu kwa mpigo alfajiri kabla hajala, na choo kimekuwa kigumu. Dagaa na mchicha havikosekani mezani. Aendelee hivyo?

Mfamasia K
Mpe mama shikamoo yangu. Soma lebo kwanza: kalsiamu kaboneti miligramu 1,250 ina kalsiamu yenyewe 500 tu. Kaboneti inahitaji asidi ya tumbo, kwa hiyo ameze pamoja na chakula. Zaidi ya 500 kwa mara moja utumbo haufyonzi vizuri; kimoja mchana, kingine usiku. Kama anatumia dawa ya tezi ya shingo, aitenge na kalsiamu kwa saa nne. Choo kigumu ndiyo kawaida ya kaboneti, aongeze maji na papai.

Lishe Temeke
Huenda hata viwili ni vingi. Mwanamke aliyevuka 50 anahitaji miligramu 1,200 kwa siku, chakula na vidonge vikijumlishwa. Robo lita ya maziwa ina kama 300, mtindi vilevile. Dagaa ni hazina kweli, mradi waliwe na mifupa yake. Wale wa chumvi loweka, mwaga maji, suuza tena, maana chumvi ikizidi kalsiamu hupotelea kwenye mkojo. Mchicha usiuhesabu hapa: una oksalati inayoishika kalsiamu isifyonzwe. Mpikie chainizi au sukuma wiki.

Mazoezi Tiba
Na mazoezi je? Hedhi ikikoma homoni ya estrojeni hushuka, na mfupa hubomoka haraka kuliko unavyojengwa, hasa miaka hii ya mwanzo aliyomo mama. Chakula peke yake hakitoshi, mfupa unataka kubebeshwa uzito. Ainuke kitini bila kujishika, mara 10, raundi tatu, kiti kikiwa kimeegemea ukuta. Kutembea kwa kasi pia. Ila kama amepungua urefu, au mgongo ulimuuma ghafla baada ya kuinua ndoo, asianze chochote kabla ya kupigwa picha ya mgongo.

Binti Tabata
Asanteni sana. Lebo inasema 1,250. Omeprazoli, ile dawa ya asidi ya tumbo, pia anatumia, muda mrefu sasa.

Mfamasia K
Hilo ni muhimu. Omeprazoli hupunguza asidi, kaboneti haifyonzwi vizuri. Aulizie kalsiamu sitreti, aina isiyotegemea asidi. Na amwone daktari aangalie kama bado anahitaji omeprazoli, kwa sababu matumizi ya muda mrefu yanahusishwa na kuvunjika mifupa. Asiiache ghafla mwenyewe.