Tupeane uzoefu: laptop kuilaza bila kuizima, imekuokoa au imekuponza?

Mangi_wa_Rau: Wakuu salaam. Jana jioni umeme umekatika hapa Moshi, nipo katikati ya barua ya mkopo wa kikundi, betri asilimia 6. Ikazima. Nikasema imekula kwangu. Asubuhi naiwasha, barua ileile, kishale kinapepesa palepale kwenye neno "dhamana". Kumbe ilijihaibaneti yenyewe, yaani ilitunza kazi yangu kabla ya kuzima! Miaka minne nakaa na hii mashine sijui ina ubinadamu huo. Wenzangu yamewakuta yapi?

Chalii_wa_Sakina: Ubinadamu gani mzee, hiyo kitu inakula betri balaa. Zima kabisa ulale.

Fundi_Mbuyuni: Chalii unachanganya. Inayokula betri ni slipu, kule kulala kwa kawaida, maana RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, lazima iendelee kupata umeme ndiyo ikumbuke. Haibaneti inamwaga kilichomo kwenye RAM ndani ya diski, faili linaitwa hiberfil.sys, halafu umeme unakatwa kabisa. Slipu ni mlinzi anayesinzia getini. Haibaneti ni mlinzi aliyeandika daftari la lindo akaenda zake Kibosho kulala.

Chalii_wa_Sakina: Na geti kaachiwa nani?

Dada_wa_Njiro: 😂😂 Mimi nilifunga mfuniko stendi ya Moshi, nikatia kwenye begi, begi mapajani, kosta hiyo mpaka Arusha. Kufika Maji ya Chai naungua, nikadhani jirani kaniwekea hotpoti. Ofisini betri sifuri. Tangu hapo nimeiseti nikifunga mfuniko ihaibaneti, siyo slipu.

Mama_Kamati: Aisee. Hiyo barua ya mkopo imenikata tumbo. Mimi nilikuwa mtunza hazina wa kamati ya harusi ya shemeji yangu. Wiki tatu ahadi zote, waliolipa, wanaodaiwa, nimejaza kwenye Excel na sijawahi kuseva hata siku moja. Usiku nahaibaneti, asubuhi naikuta, juu imeandikwa Book1, naona raha tu. Nikawa hadi namcheka mume wangu na kaunta buku lake.

Jumatano ya wiki ya harusi mashine nzito, nikaipeleka kwa kijana mmoja aniongezee RAM. Hakuniuliza, nami sikumwambia kuwa imelala tu. Kafungua na bisibisi, kachomeka, kawasha. Ikagoma kuamka. Yakaja maandishi, ijaribu tena au ifute ilichokihifadhi iendelee. Akajaribu mara mbili. Ya tatu akabonyeza kufuta, mbele ya macho yangu, nimeshika chungwa sijamaliza kumenya. Windows ikaja nyeupeee. Excel haina kitu.

Kikao saa kumi na mbili jioni. Mwenyekiti, "mama hazina, tusomee". Nikasema mashine imefuta. Mzee mmoja wa ukoo akaniangalia, akauliza taratibu, "Na pesa nayo imefuta?"

Usiku kucha nasoma meseji za miamala, moja moja, naandika kwenye kaunta buku la mume wangu. Yeye kakaa pembeni anakunywa chai, hasemi kitu. Walionimaliza ni wa taslimu. Ghafla kila mtu alikuwa ameshalipa.

Mangi_wa_Rau: Uwiii. Ndafu ililiwa lakini?

Dada_wa_Njiro: Huyo fundi angenilipa.

Fundi_Mbuyuni: Kakosa nini? Mteja analeta mashine imelala anasema imezimwa. Ukibadilisha vifaa wakati imehaibaneti, isipoamka usishangae. Na wiki tatu bila Ctrl+S, jamani?

Dada_wa_Njiro: Fundi mzuri anauliza. Daktari anakuuliza umekula saa ngapi kabla hajakupasua.

Fundi_Mbuyuni: Na mgonjwa aseme ukweli.

Penguini_Ngaramtoni: Mkigombana ongezeni na hili. Wenye mifumo miwili, Linux na Windows, mashine moja, Windows ikiwa imehaibaneti usiandike kitu kwenye sehemu yake ya diski, utaharibu mafaili. Na ile fasti statapu (kuwaka haraka) iliyokuja na Windows 8 ni haibaneti nusu, hata ukidhani umezima. Ukitaka izime kweli, itoe.

Chalii_wa_Sakina: Mimi nimeng'oa yote kwa amri ya powercfg /h off. RAM yangu GB 8, nikapata GB 3 na kitu kwenye diski.

Fundi_Mbuyuni: Siku umeme ukikata utazitafuna hizo GB. Mangi, kwako usipoiona haibaneti kwenye menyu ni kwamba Windows inaificha. Andika powercfg /h on kwenye lile dirisha jeusi, ulifungue kama msimamizi, kisha uitie tiki kwenye mipangilio ya kitufe cha kuwashia.

Mangi_wa_Rau: Ahsante mkuu. Mama Kamati, ndafu?

Mama_Kamati: Ililiwa, tena wawili. Pungufu ilikuwa laki sita na nusu, nikalipa kwa ndizi za mwaka mzima. Juzi shemeji kaniletea kadi ya mchango wa kipaimara cha mtoto. Wananiomba niwe hazina.

Chalii_wa_Sakina: Na kaunta buku?

Mama_Kamati: Mume wangu kalificha.