Mrejesho: mfuko wa kofia uliosahauliwa kwenye boti ya Mkoani

Asalaam alaykum. Niliuliza hapa kama ni aibu mwanamume mjane kama mimi kumtafuta mwanamke tuliyekaa naye siti moja kutoka Mkoani, Pemba, hadi Unguja, tukazungumza njia nzima, akasahau mfuko wenye kofia aliyokuwa akiishona. Waliosema niutupe, samahani, sikuutupa.

Alishanambia amefikia kwa bintiye, Kikwajuni. Nikauliza dukani, nikaonyeshwa. Tulikaa barazani mchana kweupe, wajukuu wanapita, kahawa na kashata. (Waliohofia fitna watulie.)

Akaitoa kofia, akahesabu vitobo kwa ncha ya sindano, akaendelea pale pale alipoachia. Kumbe kofia zote hushona kwa kipimo cha marehemu mumewe. Wateja wakilalamika huwaambia wakatafute kwengine. Nikacheka, naye akacheka. Mimi nikamweleza kwamba bado napika chai ya vikombe viwili. Hilo sijapata kumwambia mtu, hata wanangu.

Na nyinyi mlioanza kuniposea: mwezi huu anahamia Maskati kwa mwanawe. Nambari za simu hatukupeana, wala msinishauri niitafute.