Naomba ushauri: kambi ya kando ya mto Mara na mama mzee

Wadau habari zenu, niko Kisumu, mwezi wa nane tunapeleka mama Mara aone nyumbu wakivuka mto. Tumepata kambi ya mahema iko kwa ukingo kabisa, bei poa, lakini haina fensi na choo iko nje, na viboko usiku hutoka majini kula nyasi, na mama lazima aamke usiku (yeye hata haogopi, ni mimi). Nimepigia wenye kambi wakasema tu askari wako. Mliolala huko, ukimulika tochi askari hukuja kweli, ama tutafute kambi mbali na maji? Na kupitia Kilgoris na Lolgorien mpaka geti ya Oloololo, Probox itafika?